Asilimia Sitini na Mbili

Luku iliisha saa tatu usiku,
feni ikalegea, taa zikaaga,
na mfumo mpya ulikuwa umefika asilimia sitini na mbili.
Hayo aliyasema Bwire asubuhi, kwenye kibanda changu cha Kirumba,
mpakato kwapani kama kuku wa kupelekwa mnadani.
"Betri yake ilikufa mwaka juzi," akaongeza,
kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu wa mbali.

Nyuma yake mama yake, Nyamisi wa dagaa,
vumbi la fedha likimeta kwenye kanga.
Hakuuliza bei. Aliuliza, "Daftari langu limo?"

Wadeni walishapata habari.
Tangu alfajiri wanamsalimia kwa bashasha,
hata yule wa Igoma, anayevukaga barabara akimwona,
leo kamshika mkono, kamuulizia watoto.

Nikabonyeza. Feni ikavuma,
kisha giza, na kijistari cheupe juu kushoto
kikipepesa, kikipepesa,
kama mtu aliyeamshwa ghafla, akaulizwa jina lake,
akalitafuta.
Nyumba ya zamani imeshaezuliwa,
mpya imefika kwenye linta, mafundi wametoweka.
Nani aseme mlango uko wapi?

Watu hudhani imekufa.
Haijui tu pa kuanzia.

Nikachomeka flashi yangu nyekundu, yenye uzi wa nyavu,
nikawahi ukurasa wa samawati,
nikaiagiza: leo usianzie ndani, anzia huku nje, kwa mgeni.
Mara ya kwanza ikakataa. Ya pili ikaganda.
Bwire akasema, "Si tufute tu kila kitu, tuanze upya?"
Nikamtazama mpaka akatoka kuhesabu kongoti
juu ya paa la mwalo.

Ya tatu ikakubali.
Vyumba vya diski vikajipanga: kimoja kitupu,
kimoja kimejaa kifusi,
na cha nyuma kabisa hakijaguswa.
Humo picha za kipaimara, kwaya ya Pasaka,
na faili moja: MADENI MAPYA KABISA 2.

Nikalifungua kuhakikisha si ganda tupu.
Ndivyo nilivyojiambia.
Mistari mia tatu na kumi na moja.
Kinyozi wa ghorofani. Shemasi. Mwenye nyumba wangu!
Na mstari wa mia na tisa:
Masalu fundi kompyuta, debe moja, elfu kumi na nne,
atalipa Ijumaa.

Ijumaa ya mwezi wa nne. Nje, vuli zilikuwa zinanyesha.

Kidole kikasimama juu ya kibodi.
Kitufe kimoja, mstari mmoja,
na umeme ungebeba lawama;
umeme haujawahi kukana shitaka.
Nyamisi yuko kwenye stuli, anachokonoa mchanga kwenye kucha,
wala haangalii kioo.
Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa.
Hatukuambiwa daftari likishikwa na mdaiwa inakuwaje.

Nikalinakili lote.
Mara mbili: kwenye flashi, na kwenye kadi ya simu yake.
Ndipo nikaurudia mfumo toka mwanzo,
safari hii betri ya lori ikiwa chini ya meza,
nyaya nimezikaza kwa koleo na kwa meno.

Hamsini na tisa. Sitini. Bwire karudi, kalowa.
Kwenye sitini na mbili ikakaa, ikakaa,
mvua ikapiga bati, hakuna aliyekohoa.

Sitini na tatu.

Saa kumi jioni mlango ulijulikana ulipo.
"Elfu ishirini," nikasema, nikiangalia soketi.
Nyamisi akafungua kibindo, akalowesha kidole,
akahesabu elfu sita,
akaziweka juu ya kibodi, akazinyoosha.
Ile kumi na nne hakuitaja.

Akajifunga kanga vizuri, akamgeukia mwanawe:
"Huyu wa Igoma,
yuko mstari wa ngapi?"