Nati ya Nne

Sikonge. Mashine ya kusaga imelala tangu masika.
Nati nne zimeshika kifuniko chake.
Tatu zilisikia maneno.
Ya nne ikanyamaza.

Nilitaka nyundo. Kalunde akaitazama nyundo,
akanitazama mimi,
akaisukuma kwa mguu chini ya benchi.
"Ukikata kichwa, Mihayo, mwili unabaki humo ndani,
na kaburi lake utalichimba kwa keekee."

Basi dizeli na oili ya breki, nusu kwa nusu,
tone, tone, kwa unyoya wa kuku.
Tukaenda kula matobolwa.
Mafuta hayana haraka. Yanapita
pasipopita wembe,
yanapapasa kama mgeni anayetafuta mlango gizani.

Jioni nikavisha spana bomba refu, nikaning'inia.
Ikateleza.
Ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye chuma.

Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena.
Wenye mahindi walisimama na madebe yao, wakauliza,
wakashika njia ya Tutuo.

Aliyeikaza ni Kapela, mwaka ule alioondoka.
Hilo nililisikia sokoni.
Mwenyewe alisema tu, akifuta mikono:
"Yule alikuwa anakaza kila kitu.
Hata kifuniko cha chupa ya chai."

Siku ya nne akafuta mafuta yote kwa tambara,
akawasha moto wa gesi, akauzungusha taratibu
mpaka nati ikawa rangi ya ulezi.
Akatoa mfukoni kipande cha nta,
nta ya mizinga ya kaka yake, bado ina bawa la nyuki,
akaigusisha pale chuma kinapokutana na chuma.
Chiii.
Ikanywewa yote.

"Sasa kaza."
Kukaza?
"Kidogo. Idhani tumekubaliana nayo."
Nikakaza. Kisha nikarudisha.

Ki.

Mlio mdogo, kama wa kiungo cha goti.
Vumbi la kahawia likamwagika,
na ndani, chini ya kutu yote ile,
hesi zinang'aa kama zimetoka dukani.
Kalunde alizitazama muda mrefu
kuliko kazi ilivyohitaji.

Alipofunga alipaka grisi, akazungusha kwa vidole,
spana akaipa robo tu, akaacha.
Nikauliza kama imetosha.
"Itafunguliwa tena," akasema,
akaenda kuwasha injini.

Nyuki wawili walikuwa wameshaingia,
wanaizunguka spana yangu, wanainusa.