Akidi

Jumamosi, saa kumi na nusu, ghorofani Jadida,
juu ya duka la vipuri la Mbarouk.
Wajumbe tisa kwenye karatasi, watano vitini.
Wengine wamo mikarafuuni, na nani awalaumu?
Karafuu haingoji ajenda.

Katiba yetu ina kurasa kumi na moja na muhuri wa mrajisi.
Inasema sita.
Watano ni baraza, sita ndio kikao.
Basi tukanywa chai,
kalamu yangu ya ukatibu ikiwa na kofia yake kichwani.

Na mezani, kodi ya chumba cha Mmadi, Mngazija:
mwenye nyumba kasema mwisho Jumatatu.
Na sare za watoto wanne, skuli inafunguliwa.
Hakuna anayelipwa hapa,
lakini Bakar Ngwali, mshika fedha,
kalipakata kopo lake la maziwa kama mwana wa kuzaa.
"Bila muhtasari," kasema, "hata senti haitoki."

Mwenyekiti ni Bi Mgeni Shaame,
mzaliwa wa Wete hii, na bibi yake, na bibi wa bibi yake.
Wanaopanda ngazi na mabegi yao huuliza,
"Mwenyeji hapa nani?"
Tunawajibu: Mgeni.
Miaka minane tunalicheka hilo.

Nabintu akaweka birika chini.
Alitufikia kutoka Bukavu, mwaka wa nne sasa;
tulimpa godoro, sufuria, na fomu ya kujaza.
Siku hizi yeye ndiye anayejaza za wenzake.
"Munatafuta mutu mumoja," akasema.
"Na mimi si mutu?"

Nikasoma kifungu cha tisa kwa sauti:
mjumbe awe mwenyeji wa hapa.
Sauti ikanikwama. Kifungu nilikiandika mimi,
usiku mmoja, kwa taa ya chemli,
nikinakili katiba ya klabu ya mpira ya Kipangani,
waliokuwa wakiogopa wachezaji wa kuazima.

Bi Mgeni hakubishana na karatasi.
Alimuuliza tu: "Mtemani, wiki hii, nani kafiwa?"
"Hadia. Mama yake. Siku ya Jumatano.
Tuliosha masufuria mpaka baada ya Isha."
Bi Mgeni akatugeukia sisi.
Mimi nilikuwa sijui.
Bakar akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Ila kifungu hakifutwi bila akidi,
na akidi ndiyo tuliyoikosa:
mlango umefungwa, ufunguo umo ndani.
Bi Mgeni akapiga simu. Ikaita, ikaita.
"Kombo, uko wapi?"
"Juu!" Majani yakasikika, na tawi likilalama.
"Upo kikaoni au hupo?"
"Nipo, nipo, semeni upesi, nimeshika kwa mkono mmoja!"
Katiba haikusema mjumbe awe ameketi.

Nikaivua kalamu kofia.
Sita wakafuta mstari mmoja. Saba wakalipa kodi ya Mmadi.
Mkutano mkuu utathibitisha, inshaallah,
karafuu zikishakauka.

Kisha mjumbe mpya akaomba daftari la hesabu.
Tulidhani ni adabu tu, kama mtu anayeonja asichokitamani.
Akashuka na kidole, mstari kwa mstari,
hadi mwezi ule umeme ulipokatwa na kopo lilikuwa tupu.
Hapo pameandikwa, kwa mwandiko ulioinama:
"Elfu themanini. Kutoka kwa mtu."
Hakuna jina, hakuna risiti.

"Hii mutu ni nani?"

Feni inazunguka.
Bakar anatazama dirishani, kwenye paa la mabati lisilo na kitu,
masikio yakimwiva.
Mimi ninaandika:
mjumbe ameuliza swali, jibu linasubiriwa.