Kinaanza na Ki

Mikono yangu imo ndani ya nazi,
nafinya, machicha yameninata hadi viwikoni.
Mtambwe, jikoni kwa shangazi Bikombo.
Tui lasubiri kuchujwa,
na Shaame wa jirani, miaka sita,
kasimama mlangoni ananitazama
kama anayetazama mgeni akila.

"Nipe hicho," nikamwambia.
"Kipi?"
"Hicho, hicho... cha kuchujia."
Akaniletea kijiko.
"Sicho."
Akaniletea kiteo.

Nakijua. Nilikiosha utoto wangu wote,
nikakipindua ndani nje, nikakikung'uta ukutani,
kuku wakaja mbio.
Najua kimesukwa kwa ukindu,
kina kitanzi, chatundikwa msumarini nyuma ya mlango.
Najua kinaanza na ki.
Msaada gani huo! Jiko zima linaanza na ki:
kisu, kinu, kikombe, kibuyu, kifuu, kigae,
na hiki kigoda nilichokikalia.

Neno la Maskati lilikuja lenyewe, mbio,
*mushkhal*, limevaa viatu, limechana nywele.
Miaka kumi na moja naliita
jikoni kwa watu, na kila siku huitika.
Nikaliambia, rudi, hujaitwa wewe.
Halikurudi. Likasimama pale pale mlangoni
ambapo lile jingine lingepita.

Ajabu, ngeli ilibaki.
Hiki, chake, kimelowa, kioshe, kianike:
nguo zote za neno ziko kambani,
mwenye nguo hayupo.

Shangazi alicheka mpaka akakohoa.
Yeye lugha yake moja, hajapata kuvuka hata Unguja,
na bado akitaka kuniita
huanzia kwa Riziki, aende kwa Mwanahawa,
ampitie marehemu Tatu,
kisha ndipo, "Wewe! Wewe hapo!"
Hakunitajia.
"Litafute," akasema. "Halijafa.
Limefumba macho tu."
Akakitungua mwenyewe, akachuja.

Kitandani nikapita ki-ba, ki-be, ki-bi,
kama mtoto wa darasa la kwanza,
nikashikwa na usingizi kabla sijafika mbali.

Usiku wa manane mvua ikaangukia bati.
Nikaamka kufunga dirisha, sifikirii kitu,
si nazi, si Maskati,
na mdomo wangu, peke yake, gizani, ukasema:

"Kifumbu."

Ng'ambo ya ukuta shangazi akajigeuza,
kitanda kikalia.
"Ee," akasema. "Na bado hujakiosha."