Kivuli cha Jirani

Miaka mitatu nilipanda figili chini ya ukuta wa kusini,
miaka mitatu nikavuna majani tele
na mizizi myembamba kama mkia wa panya.
Mwaloni wa mzee Kuramochi ulikuwa umeuvuka ukuta,
umejilaza juu ya bustani yangu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilimpelekea tikiti, zuri, la gharama.
Nikamwandikia barua yenye adabu kuliko zote nilizowahi kuandika.
Akajibu kwa sentensi moja: Mti huu ulinitangulia hapa.
Sawako alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Basi Januari ya Asahikawa, theluji imefika vioo vya madirisha,
nikageuza kalenda kuukuu ya shirika la reli
lililonilipa miaka thelathini na minane
nipange treni ipi ipite saa ngapi
na ipi ingoje pembeni, njia ikiwa moja.
Nikachora mstari. Nikaanza kugawa zamu.

Wa kwanza awe mansaku, kichaka cha kimo cha mlango:
hutoa nyuzi za manjano matawini
mizizi ingali imelala barafuni.
Kisha fukujuso, kikombe cha dhahabu kinachotoboa theluji.
Kisha katakuri, na hapa hakuna mzaha:
ana wiki chache tu za kuona jua, kuchanua,
kufunga mbegu na kuondoka
kabla mwaloni haujaezeka paa.
Akichelewa, amechelewa mwaka mzima.
Nilimheshimu kuliko abiria wengi.

Juni, zamu ya kivuli. Kangaga nyuma,
giboshi mbele, majani mapana kama sinia,
yenye ukingo mweupe ili jioni pasizame gizani mapema.
Katikati momiji mmoja, mdogo, wa bei ya kuona haya,
ashike nafasi iliyobaki
kati ya kichwa changu na matawi ya jirani.
Chini kabisa koke, zulia la kijani la mawe.

Sikulima. Mizizi ya mwaloni haiendewi na jembe.
Nilipiga magoti na kijiko cha supu,
nikatafuta mfuko wa udongo kati ya mzizi na mzizi,
kiganja cha mboji, mche mmoja, nikasogea.
Penye miti hapana wajenzi, ndivyo wasemavyo.
Hapa palikuwa na mti mmoja, wa mtu mwingine,
na mjenzi mwenye goti bovu.

Mwaka wa kwanza pakafanana na makaburi ya paka.
Wa pili, konokono walikula giboshi zote isipokuwa moja.
Wa nne, asubuhi ya mwisho wa Aprili,
Sawako aliniita kwa sauti ya chini
kama mtu aliyeona kulungu:
katakuri saba, zambarau, vichwa vimeinama,
petali zimekunjika nyuma kana kwamba zinapigwa na upepo.
Saba.
Nilikuwa nimepanda arobaini.

Mzee Kuramochi alifariki Oktoba, momiji akiwa mwekundu.
Hatukuwahi kulizungumza.
Ila kila Aprili, alfajiri,
taa ya dirisha lake la juu ilikuwa ikiwaka.

Mwenye nyumba mpya ni binti Aizawa, muuguzi, mkarimu.
Jana alikuja na sanduku la keki na habari njema:
fundi wa msumeno amepatikana, Jumanne.
"Mtarudishiwa jua lenu," akasema,
akatabasamu akisubiri shukrani.

Nilikimbilia kabati. Nikaitandaza kalenda mezani,
imechakaa, ina madoa ya matope na ya chai,
nikamsomea zamu zote, kuanzia ya kwanza,
kwa sauti ile niliyokuwa nikitangazia stesheni.
Alisikiliza. Kisha akaegemea dirisha,
akatazama nje kwa muda:
theluji, kijiti, theluji.
"Lakini hakuna kitu," akasema.

"Iko njiani," nikajibu.
Sawako akakata keki.