Ndoo ya Spesioza

Nkuhungu, maji hutoka saa tisa usiku.
Foleni huanza jioni: ndoo, madumu,
beseni moja lililozibwa kwa lami.

Ndoo yake ya bluu ilikuwa ya nne.
Usiku wa Jumanne tukaikuta mwisho, imepinduliwa,
ina maandishi ya mkaa: RUDI KWENU.

Sikuandika mimi. Lakini nilicheka,
kama nilivyocheka aliposema "mrango",
mimi niliyeingia mjini na njaa ya Bahi
nikapewa uji na nisiowajua.

Kesho yake Mama Mbeleje hakuhubiri.
Alitoa rangi ya kucha ya bintiye, nyekundu,
akaandika kwenye ndoo yake mwenyewe: SPESIOZA.
Kisha Ndahani wa genge.
Kisha Mwalimu Chilongani, kwa mwandiko wa ubaoni.

Chupa ilinifikia imebaki tone.
Nikaandika S tu, ikachuruzika.

Vijana wa mkaa walikuja na tochi,
wakamulika Spesioza, Spesioza, Spesioza,
wasijue ipi ya kupiga teke.

Naye alipofika, akausoma mstari wote kwa kidole.
"Mbukwenyi," akasema, taratibu.
Hakuna aliyejibu haraka,
na maji yalishaanza kumwagika.