Tatu kwa Mbili

Kila asubuhi, kabla ya chai,
navaa saa, navaa viatu, navaa redio.
Klipu yake imeutafuna mkanda wangu
hadi ngozi imeota kovu la mraba.
Ya pili hukaa ndani ya mkoba,
kati ya chaki na leso,
betri yake nimeifunga raba
isije ikalegea njia ya Hima ikitutikisa.

Sokoni Kasese wauza ndizi hunyoosha migongo:
"Afande, karibu."
Mimi si afande. Mimi ni Kabugho, mwalimu wa fizikia.
Mlinzi wa benki aliniuliza, kwa adabu,
kikosi changu ni kipi.
Nikamwambia tuko watatu:
mmoja haoni bila miwani, mmoja hulala saa mbili,
wa tatu ndiye huyu.
Akapiga saluti hata hivyo.

Mume wangu, Thembo, hesabu yake fupi:
simu ipo, salio lipo, mtandao upo,
hewani unamtafuta nani?
Miaka tisa nimemjibu jibu moja:
siku minara itakapolala, utaniita.
Akiba haiozi.

Usiku waya wangu hutoka dirishani,
ukapita juu ya banda la kuku,
ukafungwa kwenye mpapai usiozaa,
na hiyo ndiyo kazi pekee mpapai ule uliwahi kuifanya.
Nazungusha kitufe polepole kama mtu achambuaye mchele:
natoa mkwaruzo, natoa mluzi,
natoa mahubiri kutoka ng'ambo ya mpaka,
mpaka, chini kabisa ya ungo,
yuko Lokiru.

Lokiru wa Moroto. Sijamwona.
Nakijua kikohozi chake, naijua jenereta yake,
nawajua mbuzi wake wanaokula nyaya.
Wengine hewani hugawa tano kwa tisa
kama peremende za Idi.
Yeye hunipima: "Mwalimu, leo tatu kwa mbili."
Nikizama, asema nimezama.

Mwezi wa tano Nyamwamba ukavunja kingo.
Mawe yalishuka kutoka Kilembe usiku
yakigongana kama ng'ombe zizini,
nikasikia sakafu ikinguruma,
nikaruka, redio mkononi, betri zimejaa,
na karatasi ya maneno ya dharura
niliyoiandika zamani, imekunjwa mfukoni.
Miaka tisa, Thembo. Sasa tazama.

Minara haikulala.
Simu ziliita mtaa mzima bila kukwama,
mashangazi kutoka Bwera, shemeji kutoka Kampala,
na Thembo, matope magotini, salio tele,
akawapata Msalaba Mwekundu kwa dakika mbili.
Nami juu ya meza na kifaa changu
kama mtu aliyekuja harusini na mwavuli
na jua linawaka.

Hakunicheka.
Hilo ndilo lililonichoma.

Saa nane nikautafuta waya.
Mpapai umekwenda na maji, kuku pia.
Nikaufunga kwenye mpini wa ufagio,
ufagio nikauegemeza paani,
betri ya gari nikaiweka juu ya kabati.
Mkwaruzo. Mkwaruzo. Halafu:
"...mwalimu... nyanya zako... zimepona?"

Nyanya.
Nilimtajia mara moja tu, Januari,
miche ya mstari wa tatu, ile yenye madoa.
Nikatazama giza mahali palipokuwa bustani.
Nikabonyeza.
"Zimekwenda zote, Lokiru. Ova."

Hewa ikakohoa muda mrefu.
Nikadhani nimempoteza.
Kisha kwa mbali akanisomea kipimo,
kile cha mwisho, ambacho chini yake hamna kitu:
"Moja kwa moja, mwalimu.
Nimekusikia moja kwa moja."