Hela ya Wino

Ngamiani ninakaa, cherehani ndiyo kazi,
Hukesha na yangu taa, nikipinda mashumizi,
Sina cheo wala saa, siasa kwangu upuzi,
Mpaka siku ya wizi, nilipodaiwa wino.

Walimshika Mrisho, kwa mbuzi wasiyemwona,
Kituoni kwa vitisho, kalala, chakula hana,
"Leteni utambulisho, wa mtaa, wenye jina."
Nikatoka mbio sana, kifuani na sindano.

Niliiomba barua, ya dhamana ya mwanangu,
Mwenyekiti kachukua, mhuri machoni pangu,
Akasema: "Unajua, wino ni wa pesa zangu,
Hela ya wino, mwenzangu: weka hapa buku tano."

Nilitoa ya mteja, wa gauni, Chumbageni,
Mhuri kwa pigo moja, kavu, rangi siioni,
Polisi, bila ya hoja, akausoma juani,
Mrisho yu mlangoni; machozi bila maneno.

Wateja wakanijuza, kila mmoja kalipa,
Mjane alipouza, kiwanja, naye kampa,
Hata waliouguza, walikopa wakampa,
Wino gani huo, hapa, unaoliwa kwa meno?

Siku moja ikapita, bajaji yenye kipaza,
Inapaza, inaita, jina lako kulijaza,
Ni siku kumi, si sita, zikiisha umecheza,
Nikapinga, nikabeza: "Kadi ninayo, si neno."

Mwandikishaji, kijana, wa Shekiondo, mwalimu:
"Kadi hii kazi ina, ila huku si muhimu,
Mtaa huandika jina, upya, kila ije zamu:
Umri, jina, sehemu, na sahihi ya mkono."

Na nyuma yangu Mbaruku, aliyekata katani,
Dole lake kwenye buku, kabonyeza kwa makini,
Miiba, siku kwa siku, imelifuta zamani,
Doa tupu, kitabuni, nalo likatosha mno.

Mrisho kaguna: "Mama, kura yangu itafaa?"
Nikamwambia: "Tazama, mtaro ulivyojaa,
Mwaka wa tano wa homa, vyura humo wamezaa,
Nawe ndani ulikaa, kwa kukosa buku tano."

Nikamwongoza jioni, siku ya kumi, ya mwisho,
"Una ngapi?" "Ishirini." "Wakaa wapi, Mrisho?"
"Cherehani, mlangoni, penye nguo za onyesho."
Pasipo utambulisho, ila jirani na neno.

Majina yakabandikwa, ukutani, karatasi,
Nasoma nilivyowekwa: Hamidu, dume halisi!
Na wenzangu nikachekwa: "Mpe mkeo nafasi!"
U ikafutwa upesi, bila hata mabishano.

Wagombea wakapita, na sukari, na vitenge,
Mmoja akaniita: "Fundi, njoo ule tonge."
Nikasema: "Nimepata; sema mtaro, tulonge."
Akaondoka kinyonge, akinionyesha meno.

Siku ya kura, shuleni, nikafika jua kali,
Wakasoma kitabuni: Hamida, na A kamili,
Nikaingia pembeni, nina karatasi mbili:
Mwenyekiti; na ya pili, wajumbe wake watano.

Nikaweka vema yangu, peke yangu, bila mtu,
Si mume wala mwenzangu, aliyeniona katu,
Kisha, kwa ufundi wangu, nikapinda mara tatu,
Ikaingia kimya tu, kama uzi kwa sindano.

Kidole changu kidogo, cha kushoto, wakatia
Wino mwingi, si mtego, bila hata kulipia,
Nikageuza kisogo, mwenyewe najichekea,
Kwa jiki nikafulia, hautoki, ni agano.

Nani kashinda? Usiku, wakahesabu kwa taa,
Wengine ndelemo huku, wengine wamekataa,
Jina kwangu marufuku; muulize alokaa.
Kakopeshwa na mtaa, kiti, miaka mitano.

Juzi nilikwenda tena, nikitafuta mhuri,
Kavuta droo, kanena, huku akijisitiri:
"Wino, mamangu, hatuna; ukichangia, ni heri."
Nikainua dhahiri, kidole: "Chukua wino."